Staji ya handibali ya vakansi: nguvu nyingi, bega ndilo linalolipa

Kama mtoto wako ana miaka 12 na anatumwa kwenye hii staji, yaani mazoezi ya handibali (mpira wa mikono) ya wakati wa likizo, hapa Lubumbashi, mbakize nyumbani. Nasema hivyo kwanza, mengine yatafuata.

Kocha aligawa mipira namba 3, ile ya wanaume wakubwa, karibu nusu kilo. Mvulana wa umri ule, mwisho wake ni namba 2. Na shida si uzito tu, ni ukubwa pia. Vidole visipouenea mpira, mtoto anaubeba mpira kwenye kiganja, kiwiko kinashuka chini ya bega, na kuanzia hapo bega linafanya kazi ya mwili mzima. Tena saa moja asubuhi, na baridi ya mwezi wa saba mnaijua, bila hata kukimbia kidogo kupasha mwili moto. Kocha yeye ni "Nguvu! Nguvu!" tu. Nilihesabu mipira 100 iliyorushwa na mtoto mmoja, nikachoka mimi.

Marekani, kwenye besiboli ya watoto, mrushaji wa miaka 11 au 12 mwisho wake ni mipira 85 kwa siku, halafu anapumzishwa siku kadhaa. Na mpira wao haufiki gramu 150! Huu wetu ni mara tatu yake. Mfupa wa mkono wa mtoto, pale karibu na bega, bado una gegedu la kukulia. Ukilivuta hivyo kila siku linaumia polepole, na mtoto anaweza kunyamaza kwa kuogopa kocha.

Nikamwambia: "Kocha, huyu anashika bega." Akanijibu mbele ya watoto wote: "Papa, kama unamuonea huruma, akacheze na dada zake." Papa! Na feza yangu iko mfukoni mwake.

Lakini nisiseme uongo. Ana msaidizi, dada mmoja mpole, huyo anajua kazi. Kwa anayetumia mkono wa kulia: goti la kulia chini, mguu wa kushoto mbele, mita 5 kutoka ukutani, mpira mdogo, kiwiko juu kidogo ya bega, mara 10 tu. Miguu ikinyimwa kazi, kosa la kiwiko halina pa kujificha. Kisha wanasimama: kushoto, kulia, kushoto, unyayo wa mwisho ukitazama goli. Nyonga inageuka kwanza, kifua kinafuata, mkono unakuja nyuma yao kama mjeledi, kifundo cha mkono ndicho kinamaliza. Na mkono usikatwe njiani, ushuke hadi nyonga ya upande wa pili, la sivyo breki yote inabaki begani. Dakika 20 zake, na ukuta ulianza kutoa mlio mwingine kabisa.

Sasa nihukumu vipi? Nilisema mbakize nyumbani. Ila kwa dada yule ningelipa hata mara mbili, kama kocha asingempa watoto wakiwa wameshachoka. Siku akifungua staji yake mwenyewe, hata iwe Kipushi, tutapanda gari.