Harrier Anaconda: gari naipenda, ila gereji iliyoniambia "Harrier ni Harrier" siisamehe

Naandika hii nikiwa bado na hasira, na sitaki zipoe kabla sijamaliza. Anayetafuta bei, ukubwa wa buti na kilomita kwa lita atafute kwingine, zimejaa tele. Mimi nina sentensi moja ya kuongelea, niliyoambiwa na msimamizi wa gereji moja hapa Dar, gereji ya kibao kikubwa, mapokezi yenye kiyoyozi na kahawa ya bure: "Dada, Harrier ni Harrier." Fikra hiyo ndiyo iliyoniulia gia boksi.

Harrier si Harrier! Toyota hii imetoka kwa maumbo tofauti, na nasema hivyo kwa sababu nimeishi nazo. Old model ilikuwa ya kaka yangu mkubwa. Hiyo ndiyo ya 1997, iliyojengwa kwa msingi wa Camry wakati gari nyingi za juu bado zilikuwa na chesesi kama za malori, zinakurusha kwenye kila tuta. Ukipanda ile ulishangaa: umekaa juu, unaona mbali, na mgongo hauumi. Nje ya Japani iliuzwa kwa jina la Lexus RX 300, Lexus ikiwa chapa ya kifahari ya Toyota haohao, ndiyo maana hadi leo kuna watu hapa mjini wanang'oa ile nembo ya ndege mbele na kubandika L. Ya kaka ilikuwa ya silinda sita, lita tatu, na ilibugia mafuta bila huruma, lakini hakuna aliyelalamika.

Kisha nikanunua yangu, ile ya umbo la pili tunayoiita tako la nyani, namba C. Umbo hilo lilitoka 2003, na gari hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kusafiri mwenyewe mikoani bila kumwomba mtu. Ina stiki ya oili ya gia. Unafungua boneti, unavuta, unafuta kwa kitambaa, unarudisha, unavuta tena, unaangalia. Fundi yeyote wa chini ya mwembe anaijua. Spea ukishuka Gerezani hukosi, mpya, za mtumba na feki, uchaguzi ni wako. Ya 2.4 inasifika kwa kula oili ya injini ikizeeka, lakini hilo nalo unaliona kwenye stiki, unaongeza, maisha yanaendelea. Niliiuza nikiwa na machozi, na aliyeinunua bado nakutana naye barabara ya Bagamoyo.

Sasa hapa ndipo mafundi wengi wanapopotea, na watu wa yadi hawasemi kwa sababu hawaulizwi. Toyota walipoanza kuuza Lexus nyumbani kwao Japani mwaka 2005, ile RX ilianza kushika njia yake. RX mpya ya 2009 ikaitwa Lexus hata huko Japani, huku Harrier ikibaki na umbo lilelile la zamani kwa miaka kadhaa. Mwisho wa 2013 ndipo ikaja Harrier mpya kabisa, hii tunayoiita Anaconda, na haikuwa na uhusiano tena na RX. Kwa jina ni mtoto wa tako la nyani, kwa damu ni ndugu wa RAV4. Silinda sita zikaondoka. Ya petroli ikawa lita mbili yenye gia ya CVT, yaani ya mkanda badala ya meno. Ya haibridi ina gia ya aina yake, inayofanya kazi pamoja na mota za umeme. Halafu 2017 wakaitengeneza upya uso, wakaweka zile indiketa zinazotiririka, na wakaongeza ya turbo ambayo haina CVT kabisa, ina gia sita za otomatiki ya kawaida. Yaani ndani ya umbo moja, lenye jina moja, kuna gia boksi za aina tatu. Kisha mtu aliyevaa fulana yenye nembo ya gereji anakwambia Harrier ni Harrier.

Yangu ni ya lita mbili, CVT, kabla ya ile ya 2017. Niliipenda tangu siku ya kwanza pale yadi, na sitasema vinginevyo kwa sababu ya hasira. Dashibodi imeshonwa uzi kama kiti cha ngozi. Swichi za kiyoyozi hazibonyezwi, zinaguswa tu, na hilo mwanzoni lilinisumbua kwa sababu lazima utazame kioo badala ya barabara. Katika tako la nyani mkono ulizijua wenyewe. Redio ni ya Kijapani, inaishia kwenye masafa ya chini, stesheni zetu nyingi haizikamati mpaka ufunge kifaa cha kuongeza. Kila asubuhi ukiwasha, sauti ya mwanamke inakwambia kitu kwa Kijapani kuhusu kadi ya barabara za kulipia ambazo ziko Japani. Nilishazoea. Kitabu chake pia ni cha Kijapani kuanzia jalada hadi mwisho, na hilo lishike, kwa sababu oili ya gia inayotakiwa imeandikwa humo, na gereji yangu hawakuona haja ya kuuliza mtu yeyote anayeweza kusoma.

Nilikuwa nakwenda Njombe kwenye msiba wa shangazi, na mama yangu. Siku chache kabla nikaipeleka gari sevisi. Nikasema wazi pale mapokezi: safari ni ndefu, kuna milima, kagueni kila kitu. Wakabadilisha oili ya injini, filta, plagi, na wakaniambia oili ya gia nayo imechoka, tubadilishe. Nikakubali, nikalipa, nikapewa risiti.

Hadi Morogoro gari ilikwenda vizuri. Mikumi vizuri. Baada ya hapo nikaanza kusikia mlio mwembamba nikikanyaga mafuta, kama mluzi unaopanda na kushuka. Ruaha Mbuyuni tukasimama kununua vitunguu, nikajipa moyo. Tukaanza kupanda Kitonga. Wanaoijua hawahitaji maelezo: mwamba upande mmoja, korongo upande mwingine, na malori yanayopanda polepole yakikung'ang'ania nyuma. Katikati ya mlima nikakanyaga, mshale wa mzunguko wa injini ukapanda juu, injini ikanguruma, na spidi ikashuka. Nikakanyaga zaidi, ikashuka zaidi. Taa ya injini ikawaka. Gari ikajikokota mpaka kwenye kona na ikagoma. Nyuma yangu lori la mizigo likapiga honi ndefu, utingo akashuka na kuweka majani barabarani kunisaidia, Mungu ambariki. Mama alikuwa ameshika rozari, haongei. Shangazi tulimkuta ameshazikwa.

Nirudi kwenye mashine. CVT haina gia za meno zinazopandana moja, mbili, tatu. Ina puli mbili na mkanda wa chuma katikati yake, na puli hizo zinapanuka na kubana ili kubadilisha uwiano. Mkanda unashika kwa sababu ya mbano na kwa sababu ya oili yenyewe, ambayo imetengenezwa kwa kazi hiyo tu. Ukiweka ile haidroliki nyekundu ya gia za kawaida, mkanda unateleza. Ukiteleza unakwaruza puli. Puli ikishakwaruzwa hairudi. Kwenye barabara tambarare ya mjini unaweza usijue kwa muda, mlimani ndipo inaposema.

Haya sikuyasoma popote, nilifundishwa na fundi mmoja mzee Iringa mjini, aliyelipokea gari letu likivutwa usiku. Hakuwa na mapokezi wala kahawa. Aliuliza kwanza: "Mwanangu, walikuwekea oili gani?" Nikampa risiti. Akaisoma kwa tochi ya simu, akanyamaza, kisha akaniwekea kidole kwenye mstari: ATF, yaani haidroliki ya gia za kawaida. Akalala chini ya gari, akafungua nati, akakinga oili kidogo kwenye chupa ya maji aliyoikata kwa kisu. Akaipeleka kwenye mwanga wa taa na kuizungusha. Nyekundu, imechanganyika na uchafu mweusi, na ndani yake vumbi la chuma linameremeta. Akachovya vidole viwili, akavisugua, akanionyesha: ncha za vidole zilikuwa za fedha. "Huu ni mkanda wako," akasema. "Pole sana, mama."

Gari likarudi Dar juu ya lori. Nikaenda gereji asubuhi na mapema, risiti mkononi, na nilikuwa nimejiapiza kuongea kwa upole. Msimamizi akaitazama risiti bila kuishika. Nikamweleza kuhusu CVT. Akatabasamu, akasema, "Dada, Harrier ni Harrier. Tunatengeneza Harrier kila siku." Nikamwambia tako la nyani ndiyo, hii si tako la nyani. Akamgeukia mwenzake, akacheka, kisha akaniambia kwa sauti ya kubembeleza mtoto: "Mwambie shemeji aje, tuongee naye kiufundi."

Shemeji! Gari nimenunua mimi. Kadi ina jina langu. Ushuru nimelipa mimi, na aliyekwama Kitonga na mama yake ni mimi. Mume wangu yupo kazini Dodoma, na hata angekuwepo asingejua tofauti ya CVT na kapeti. Nikamwambia fungua kompyuta yako, andika mwaka na injini, uangalie oili inayotakiwa. Akasema mashine ya kupimia ipo kwenye gari lingine. Nikamwambia sihitaji mashine ya kupimia, nahitaji usome. Wateja wengine wakawa wanatazama. Akaniambia nikipiga kelele ataita mlinzi.

Basi nilitoka pale nikiwa nimeamua kuandika: msinunue Anaconda ya CVT, mtakufa maskini. Niliandika hivyo kabisa kwenye simu. Lakini nikikaa nikafikiri, hilo ni uongo, na gari haikunikosea. Aliyeweka oili siyo gari. Ya rafiki yangu, mwaka uleule, injini ileile, inapanda Lushoto bila kuguna, kwa sababu yeye anaagiza oili ya CVT yenyewe, anakwenda nayo gereji mkononi na kusimama pale mpaka imiminwe. Kwa hiyo Anaconda nunueni.

Ila na hapo nasita. Kwa nini mwenye gari ndiye awe mlinzi wa fundi? Tako la nyani haikudai hivyo. Ilisamehe. Ulikosea oili ya gia, ilistahimili mpaka ukajirekebisha. Hii mpya haisamehi, na huku kwetu asilimia kubwa ya mafundi walisomea kwenye zile za zamani, hakuna aliyewaita kuwafundisha gari lilipobadilika ndani. Kenya wana sheria ya gari linaloingizwa lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo mafundi wao hawana ujanja, wanalazimika kukutana na hizi mapema. Sisi tunaingiza hata za zamani, ilimradi ulipe ushuru wa uchakavu, na fundi anaweza kukaa miaka akishika tako la nyani tupu. Kama upo mbali na mji, au safari zako ni za milima kila mwezi, mimi ningekwambia tafuta tako la nyani iliyotunzwa, au ujikaze uchukue ile ya turbo yenye gia sita. Ya turbo nimeiendesha ya mtu kutoka Kibaha kurudi mjini, na nilinyamaza njia nzima kwa raha.

Na ile mpya ya 2020, ambayo Marekani waliiuza kwa jina la Venza, ile ya petroli CVT yake ina gia ya meno ya kuanzia mwendo, kisha mkanda ndio unapokea. Ni nzuri mno, na kioo cha paa kinajififisha chenyewe ukigusa swichi. Lakini nembo ya ndege wameitoa mbele, wameweka ya Toyota ya kawaida, na kwangu hilo limeniudhi. Hata hivyo ukiniletea leo nitaipokea kwa mikono miwili. Nikiipeleka kwenye gereji ile, wataiwekea haidroliki.

Gia boksi ya mtumba nimeipata Ilala, imefungwa na fundi mwingine, kijana mpole aliyeniomba namba ya chesesi kabla hata hajagusa spana. Aliingiza namba kwenye simu yake, akanionyesha aina ya oili, akanituma nikainunue mwenyewe ili nione kopo likifunguliwa. Gari inakwenda. Mluzi haupo. Kitonga sijairudia bado na moyo unanidunda nikiifikiria, lakini kuiuza sitaiuza.

Wale wa gereji walinipigia juzi. Siyo msimamizi, ni binti wa mapokezi, mstaarabu, naye simlaumu. Wananipa ofa ya kuoshewa gari na punguzo kwenye sevisi ijayo. Sevisi ijayo! Nimemjibu kwamba nataka hela yote ya gia boksi na ya lori lililolibeba gari kutoka Iringa, na nataka msimamizi anipigie yeye mwenyewe. Anipigie mimi, kwa jina langu lililo kwenye kadi.