Uzoefu wangu: hadubini ya taa ya LED kwenye maabara ya kituo cha afya

Nafanya kazi kwenye maabara ya kituo cha afya Kanda ya Ziwa, ambako malaria na kichocho bado ni kazi ya kila siku. Ninayoizungumzia ni hadubini ya macho mawili yenye taa ya LED, betri ya kuchaji na lenzi nne zinazokuza mara 4, 10, 40 na 100. Kampuni siitaji, kwa kuwa hadubini za aina hii hutengenezwa na wengi na mambo ya kuangalia ni yale yale.

Nimeipenda kwanza kwa mwanga wake. Ile ya zamani ilikuwa na taa ya halojeni, yenye joto na mwanga wa njano unaohitaji kichujio cha bluu, na globu ikiungua kuipata nyingine ni shughuli. Kwa LED, Giemsa, yaani rangi tunayopaka damu ili vimelea vionekane, inaonekana inavyotakiwa: kiini cha kimelea chekundu, mwili wake bluu. Umeme ukikatika, betri inapokea na naendelea kusoma slaidi.

Ila hadubini ya malaria hujulikana kwenye lenzi ya 100. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na kimelea kichanga cha Plasmodium falciparum, kile cha umbo la pete, huchukua karibu sehemu moja ya tano tu ya upana huo. Lenzi hii lazima iguse tone la mafuta yake maalumu. Mafuta hayo hupinda mwanga karibu sawa na kioo, kwa hiyo miale haitawanyiki hewani kati ya slaidi na lenzi. Kwenye hadubini hii pete naziona wazi hadi pembeni mwa duara. Nimewahi kutumia za bei rahisi ambazo katikati ni safi na pembeni ni ukungu. Ukiwa unatakiwa kupitia angalau maeneo 100 ya tone nene la damu kwenye slaidi kabla ya kuandika kwamba hakuna vimelea, ukungu huo unaweza kumrudisha nyumbani mtoto mwenye malaria bila dawa. Hapo sina mzaha.

Wapo wanaoniuliza kwa nini tuhangaike na slaidi wakati MRDT, kipimo cha haraka cha malaria, ipo. MRDT ni nzuri na ni ya haraka, lakini inaweza kuendelea kuonyesha malaria wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Kwa hadubini navihesabu: nahesabu vimelea hadi nifikishe chembe nyeupe 200, kisha nakadiria idadi yake kwa kila mikrolita ya damu. Nikirudia baada ya dozi, najua kama dawa inafanya kazi. Mayai ya kichocho hayahitaji hata mafuta, lenzi ya 10 inatosha. La kwenye mkojo lina mwiba mwishoni, la kwenye choo lina mwiba ubavuni.

Nisichokubaliana nacho ni maandishi ya boksini: "inakuza mara 1,600". Kuna lenzi za kuwekea jicho za 16 zimewekwa humo, ambazo kwa lenzi ya 100 hutoa hizo 1,600, nami sizitumii. Mwanafizikia Mjerumani Ernst Abbe alishaeleza mwaka 1873 kwamba mwanga wenyewe una kikomo. Vitu viwili vilivyokaribiana chini ya mikromita 0.2 hivi huonekana kimoja hata ukuze vipi. Picha inakuwa kubwa, jipya huoni.

Njia moja ya kuvuka hapo ni hadubini ya elektroni, inayotumia elektroni badala ya mwanga, ambayo Ernst Ruska na Max Knoll waliianzisha Berlin mwaka 1931. Hiyo huonyesha hata virusi, lakini sampuli hulipa gharama: huuawa, hukaushwa maji yote, hugandishwa kwenye plastiki ngumu, hukatwa vipande vyembamba vya makumi ya nanomita (nanomita ni sehemu ya elfu ya mikromita) na kutiwa metali nzito, ndipo iingie kwenye chumba kisicho na hewa. Picha hutoka bila rangi. Zile za rangi unazoziona zimepakwa kwenye kompyuta. Hata hivyo ndiyo iliyotuonyesha vinundu vidogo juu ya chembe nyekundu zilizoingiwa na falciparum, vinavyosaidia chembe hizo kung'ang'ania kuta za mishipa. Ndiyo sababu kwenye damu ya kidole naona pete na vimelea vya umbo la ndizi vinavyosubiri kubebwa na mbu, lakini vile vilivyokua kupita pete ni nadra, kwa kuwa chembe zake zimeng'ang'ania huko kwenye mishipa. Kila nikisoma slaidi nafurahi kujua hilo.

Kwa mgonjwa anayesubiri kwenye benchi, ninunulie hii ya mwanga.

Matunzo: huku kwenye unyevu lenzi huota fangasi, kwa hiyo ifunike na uiweke kwenye kabati lenye vichembe vya kukaushia. Mafuta yafute kila jioni kwa karatasi ya lenzi, si kwa pamba. Kishikio cha slaidi cha hii yangu kimeanza kulegea mapema, na hapo naikata alama.

Ukienda kununua, beba slaidi yako yenye vimelea. Ianze kwenye 40, zungusha hadi 100, uone kama kimelea kinabaki katikati na kama pembeni pako safi. Muuzaji akikukatalia kujaribu, nenda duka jingine.