Shure SM57: maiki ya kununua kabla bendi ya roki haijaingia studio

Bendi ya magitaa mawili, besi, dramu na mwimbaji ikijiandaa kurekodi wimbo mpya, bajeti ya maiki karibu yote huenda kwa mwimbaji. Gitaa linaachiwa chochote kilichobaki kabatini. Kwa roki huo ni mpangilio mbaya, kwa sababu wimbo wa roki unasimama juu ya gitaa na snea (dramu ndogo yenye mlio mkali), na kazi zote mbili zimekuwa zikifanywa na maiki moja ndogo, ya kijivu iliyokoza, ya gramu 284, tangu mwaka 1965. SM57 ndiyo tunayoshauri inunuliwe kwanza, na hapa tunaeleza inavyotumika na inakoshindwa.

Ni maiki ya dainamiki. Kiwambo chembamba kimeshikana na koili ndogo iliyo ndani ya sumaku. Sauti inatikisa kiwambo, koili inacheza, umeme kidogo unazalishwa. Haihitaji zile volti 48 ambazo miksa hutuma kwa maiki za aina nyingine. Inashika kuanzia hezi (mitikisiko kwa sekunde) 40 hadi 15,000, lakini si kwa usawa: chini ya hezi 200 inaanza kushuka, na kuzunguka hezi 6,000 inapanda. Hiyo ndiyo siri yake. Kule chini inawaachia nafasi besi na dramu kubwa ya mguu, na pale inapopanda ndipo panapokaa mkwaruzo wa piki kwenye nyuzi na mchapo wa kijiti kwenye snea. Sauti ikitoka kwenye SM57 huwa imeshaanza kuchanganywa.

Kwenye gitaa, anza na spika kabla ya kugusa maiki. Kabati la spika nne halilii sawa kote. Shusha sauti, sikiliza moja moja, chagua iliyo safi. Inua kabati kutoka sakafuni, hata kwa kreti mbili za soda, kwa sababu sauti inayogonga sakafu na kurudi inaleta mngurumo utakaomkanyaga mpiga besi baadaye.

Sasa weka maiki sentimita 2 au 3 kutoka kwenye kitambaa cha kabati, ikitazama spika moja kwa moja. Katikati kabisa, mbele ya kile kikombe kinachofunika moyo wa spika, gitaa linalia kwa ukali wa kuchoma. Pale ukingo wa kikombe unapokutana na karatasi ya koni, ukali unapungua na unene unaingia. Magitaa mengi ya roki yanakaa vizuri hapo. Ukisogea sentimita 3 nyingine kuelekea ukingo wa spika, sauti inakuwa nzito na hafifu kwa juu. Hiyo inalifaa gitaa la pili linalojaza nyuma ya mwimbaji, lakini solo ikirekodiwa hapo itazama.

Kupapata sehemu hiyo hakuhitaji kubahatisha. Pandisha geini (kiwango cha kukuza sauti) ya ampu, yaani kikuza sauti cha gitaa, bila mtu kupiga, iache ivume tu. Mtu mmoja avae hedifoni zinazoziba masikio vizuri na asogeze maiki polepole kwa upana wa spika. Mvumo ule una masafa mengi ya juu, kwa hiyo kila nusu sentimita inasikika. Utasikia unachoma, unalainika, kisha unafifia. Simama kati ya kulainika na kufifia. Kaza stendi, bandika tepu sakafuni kwenye kila mguu wake, na kipande kingine kwenye kitambaa cha kabati penye alama ya kichwa cha maiki. Mtu akikwaa stendi wakati wa chai na hakuna alama, gitaa la ubeti wa pili halitafanana na la ubeti wa kwanza, na hakuna programu itakayolirudisha.

Ukaribu nao una gharama yake. Kwa umbali wa milimita 6 hivi, masafa ya hezi 100 yanapanda kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hadi 10. Gitaa la tyuni ya kawaida linanufaika, linapata kifua. Gitaa lililoshushwa tyuni linavimba na kufunika dramu ya mguu. Dawa ni kurudisha maiki nyuma hadi sentimita 5 au zaidi, kabla hujafikiria kukata chochote kwenye miksa.

Wenye SM57 mbili wana njia ya ziada inayobeba jina la Studio Fredman ya Gothenburg, Uswidi, ya prodyuza Fredrik Nordström: maiki moja inatazama spika moja kwa moja, nyingine inalazwa digrii 45, vichwa vyake vikiwa karibu kugusana. Ya kwanza inaleta ukali, ya pili inaleta unene, na unapima uwiano kwa fada mbili (vitelezo vya sauti vya miksa) badala ya ikwalaiza (kirekebisha masafa). Kosa la kawaida hapa ni umbali. Maiki zikipishana sentimita 17 kutoka kwenye spika, sauti inayofika kwenye moja inafuta ile ya nyingine karibu na hezi 1,000, mahali ambapo gitaa linaishi hasa. Zikipishana sentimita 1.7, shimo hilo linahamia karibu na hezi 10,000, ambako gitaa la umeme halina cha kupoteza. Sikiliza moja, kisha nyingine, kisha zote pamoja. Zikiwa pamoja sauti ikakonda, sogeza moja kwa milimita kadhaa na usikilize tena.

Sauti ikipasuka, usiilaumu maiki. SM57 inavumilia ampu ya wati 100 iliyopandishwa sauti hadi mwisho. Kinachopasuka ni priampu (saketi inayokuza sauti ya maiki) ya miksa au ya kadi ya sauti. Shusha geini, na kama kuna kitufe cha kupunguza desibeli 10 au 20, kibonyeze. Ukirekodi kwa biti 24, kilele cha desibeli 10 chini ya kiwango cha juu kabisa kinatosha. Ukisikia mlio wa chini usiokoma wa hezi 50, angalia kwanza maiki iko upande gani wa ampu: koili yake inanasa uga wa transfoma ya umeme. Igeuze kidogo au chagua spika iliyo mbali na transfoma, halafu ndipo ukague ethi (waya wa ardhini).

Kwenye snea, ipandishe sentimita 3 hadi 5 juu ya ukingo, ikielekea katikati ya ngozi kwa mwinamo wa digrii 30 hivi, na mgongo wake uielekee hai-hati (jozi ya matoazi ya kugonganishwa kwa mguu). Maiki hii inasikia vibaya zaidi kwa nyuma, na hapo ndipo unapotaka hai-hati iwe. Mwelekeo huo peke yake unaokoa kazi ya saa nzima ya kuchanganya. Ukiongeza maiki ya pili chini ya snea kwa ajili ya zile waya zinazochachatika, geuza polariti yake (chanya iwe hasi, kwa kitufe cha miksa au programu), maana ngozi ya juu inapokwenda chini, ya chini inaisogelea maiki yake. Usipogeuza, snea inapoteza tumbo.

Mkae macho na vijiti. Kichwa cha plastiki cha SM57 ni sehemu ya kapsuli yenyewe, na kimeundwa kuchangia sauti. Hakikuwekwa kuzuia vumbi tu. Kikivunjwa na mpiga dramu, maiki itaendelea kutoa sauti lakini si ile uliyoinunua. Shure wanauza kapsuli nzima ya kubadilisha, R57, na kuibadilisha kunahitaji fundi mwenye mkono mtulivu wa kuchomelea risasi.

Mapungufu yake ni ya kweli. Ina sauti ndogo: mwimbaji anayeimba kwa upole atakulazimisha kupandisha geini hadi desibeli 60 hivi, na kadi nyingi za bei nafuu zinaanza kuchacha kabla ya hapo. Kifaa kidogo cha kuongeza nguvu kama Cloudlifter CL-1, kinachotumia zile volti 48 na kuongeza hadi desibeli 25, kinatatua hilo, ila bei yake inatosha kununua maiki nyingine. Mwimbaji anayepaza sauti hana shida hiyo. Anahitaji tu sponji ya kuzuia pumzi ya herufi P na B. Kwa matoazi na gitaa la mbao hatuipendekezi. Ile hewa ya juu ya hezi 15,000 haipo, na ukiilazimisha kwa ikwalaiza unapata mchachato tu.

Kwenye boksi utapata maiki, kishikio cha stendi na mfuko. Kebo ya XLR (ya pini tatu) unanunua mwenyewe, kwa hiyo ihesabu. Marekani inauzwa kwa dola mia moja na kidogo. Ukiuziwa "mpya kabisa" kwa robo ya bei hiyo, karibu hakika ni ya bandia, na za bandia zimezagaa. Ipime kwenye mizani ya jikoni: ya kweli ni gramu 284, na za bandia mara nyingi ni nyepesi. Kama muuzaji anakubali, ijaribu mbele ya spika kando ya SM57 unayoiamini, umbali uleule, geini ileile. Ya bandia itakuwa kali na nyembamba, na tofauti inasikika ndani ya sekunde kumi.

Kwa bajeti ya bendi inayorekodi wimbo wake wa kwanza, tungenunua tatu: mbili za gitaa, moja ya snea, kabla ya kuwaza maiki ya bei kubwa. Mwimbaji atumie moja ya zile za gitaa siku yake ya kuimba ikifika, maana gitaa litakuwa limeshamaliza. Nyongeza ya kwanza baada ya hapo iwe maiki mbili za kondensa (aina inayohitaji zile volti 48) za kuning'iniza juu ya dramu.