Kisu cha mfukoni kwa anayeanza: tazama unene wa bapa kabla ya jina la chuma

Lalamiko linalonifikia kuliko yote kuhusu visu vya mfukoni ni hili: kisu ni kipya, makali yake yananyoa vinyweleo vya mkono, lakini ukikata tofaa linapasuka, karoti inalia kacha, na boksi gumu linataka kuvutwa kwa nguvu mpaka bega lichoke. Mwenye kisu huwa ameshanoa na kunoa tena. Amenunua kinoo kingine. Ameanza kuamini kwamba hajui kunoa. Makali yake hayana kosa lolote. Kosa liko juu kidogo ya makali, mahali ambapo wauzaji hawapataji kabisa, na mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mahali hapo.

Mengine nayapitia haraka. Urefu: bapa la sentimita 6 hadi 8 linatosha kazi za kila siku, iwe kamba, mabahasha, matunda, vifurushi au kuchonga penseli. Chuma: chagua cha pua kutoka kwa mtengenezaji anayekitaja kwa jina lake kamili. Rangi ni yako. Sheria isome kabla hujalipa, kwa sababu zipo nchi zinazotenganisha kisu chenye kufuli (linalozuia bapa lililofunguliwa lisijikunje) na kisicho nalo. Uingereza, kwa mfano, inakuruhusu kubeba hadharani, bila kueleza sababu, kisu cha kukunja kisicho na kufuli ambacho makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Kikiwa na kufuli, uwe na sababu ya msingi. Na ukisafiri kwa ndege kiweke kwenye begi la kupakiwa, maana mlangoni kitabaki.

Sasa jambo lenyewe.

Kila kisu kina unene wa mahali pawili. Kuna unene wa mgongo, ambao jicho linauona na baadhi ya wauzaji huutaja. Halafu kuna unene wa pale bapa linapoishia na makali yanapoanzia. Shika kisu karibu na taa, utaona kandokando ya makali ukanda mwembamba unaong'aa, ulioachwa na jiwe la kunolea. Ninachokitaka ni unene wa bapa juu tu ya ukanda huo. Katika kisu kinachokata vizuri, hapo pana milimita 0.3 hadi 0.5. Katika visu vingi vinavyonadiwa kwa sifa ya ukakamavu, hapo pana 0.8, na vingine hufika 1.

Nusu milimita inaonekana ndogo mpaka uanze kukata. Makali hufungua njia, lakini chuma chote kilichobaki lazima kipite katika njia hiyo. Nyama au mkate husogea kikapita. Karoti haisogei, wala tofaa, wala boksi la tabaka mbili, wala plastiki nene. Hapo bapa nene hufanya kazi ya shoka kwenye gogo: linasukuma pande mbili mpaka kitu kipasuke chenyewe mbele ya makali. Unaweza kunoa usiku kucha, tofaa litapasuka vilevile.

Tena hali hiyo huzidi mwaka hadi mwaka. Kila unaponoa unakula chuma kidogo, na makali yanapanda kuelekea mgongoni, ambako bapa ni nene zaidi. Kisu kilichoanza na 0.8 kinakwenda kwenye 1. Kilichoanza na 0.3 kina akiba ya miaka mingi kabla hakijawa kinene.

Kwa nini basi wanavitengeneza vinene? Sababu ya kwanza ni kiwandani. Bapa jembamba sana hupinda chuma kinapopitishwa motoni kupewa ugumu, kwa hiyo huachwa nene, kisha inabidi lisagwe taratibu baadaye bila kulipasha moto tena kupita kiasi. Muda huo ni pesa. Sababu ya pili ndiyo inayoniudhi. Kuna watu wanaotumia kisu kubandulia vifuniko vya rangi na kufungulia skrubu. Bapa jembamba likitumiwa hivyo hukatika, mteja hurudi na hasira, na mtengenezaji hulipa. Kwa hiyo wanaacha chuma kingi ili kisu cha mtu asiyejali kisivunjike, nawe unayekitunza unauziwa kisu kisichokata.

Jinsi ya kupima. Ukiwa na kipimo cha vernia, bana bapa juu tu ya ule ukanda unaong'aa, usome. Usipokuwa nacho, pima upana wa ukanda wenyewe kwa rula. Makali ya visu vingi hunolewa kwa nyuzi 20 kila upande, na kwa pembe hiyo unene unaoutafuta ni takribani theluthi mbili ya upana wa ukanda. Ukanda wa nusu milimita una maana ya bapa la 0.3 na kitu, hilo ni zuri. Ukanda wa milimita 1.5 una maana ya bapa la milimita 1, achana nalo. Mtengenezaji akisema amenoa kwa nyuzi 15, hesabu nusu ya upana badala ya theluthi mbili. Hesabu hii unaweza kuifanya hata kwenye picha: kuza picha ya ubavuni, linganisha ukanda na urefu wa bapa uliotajwa. Ukanda mpana unaonekana kwa macho matupu, kama kuna mtu aliyekubali kupiga picha safi.

Kwa kipimo hicho, hivi ndivyo ninavyovipanga.

Namba moja: Victorinox, na sifichi upendeleo wangu

Ningeulizwa nitaje kisu kimoja tu kwa mtu ambaye hajawahi kubeba kisu, ningesema Victorinox Cadet kabla swali halijaisha. Ni cha milimita 84 kikiwa kimekunjwa, mpini wake umefunikwa alumini yenye vinundu vinavyoshikika, na mfukoni unakisahau. Ukitaka kikubwa kidogo, chukua Pioneer cha milimita 93, ndugu wa karibu wa kisu chenye mpini wa alumini ambacho askari wa Uswisi walipewa kuanzia 1961 hadi 2008.

Karl Elsener alianza karakana yake Ibach, Uswisi, mwaka 1884, na tangu 1891 karakana hiyo imekuwa ikilipelekea jeshi la nchi hiyo visu. Historia peke yake hainifanyi ninunue. Ninachopenda ni kwamba mabapa yao ni membamba kuanzia mgongoni, yanateremka bila bega mpaka kwenye makali, na ukanda unaong'aa ni uzi tu. Tofaa linakatika vipande vyembamba unavyoweza kusoma gazeti kupitia kwavyo. Hiki ndicho ninachokitafuta kwa kila kisu, na Uswisi wanakitoa kwenye kisu cha kawaida kabisa, bila kukipandishia bei kwa maneno makubwa.

Wanaopenda vyuma vya majina makubwa wanakidharau kwa sababu ugumu wake ni takribani 56 kwa kipimo cha Rockwell C, na vyuma vya bei hufika 60 na zaidi. Ni kweli utakigusisha kwenye kinoo mara nyingi zaidi. Lakini kinapata makali upesi, hata kwenye ile duara isiyong'arishwa chini ya kikombe cha udongo. Anayeanza anajifunza kunoa juu ya chuma kinachomsamehe, na hilo lina thamani kubwa kuliko wiki mbili za ziada za makali.

Dosari zake mbili uzijue. Kinafunguliwa kwa mikono miwili, kwa ukucha, na modeli hizi hazina kufuli: bapa hushikiliwa na springi tu. Usilisukume kwa ncha kwenye kitu kigumu, litajifunga juu ya vidole. Kata kwa kuvuta na kuteremsha, springi inatosha.

Namba mbili: Opinel namba 8

Mfaransa wa Savoie, tangu 1890. Bapa la sentimita 8.5, mgongo usiofika milimita 2, na nyuma ya makali ni chembamba pengine kuliko chochote kingine utakachokuta kwa bei hiyo. Kwa kukata peke yake kinamshinda Cadet, lazima niseme hivyo. Pete ya chuma unayoizungusha shingoni, iliyobuniwa 1955, inazuia bapa kujifunga.

Kwa nini basi si cha kwanza? Mpini wake ni wa mti. Ukilowa hufura, na bapa linakwama ndani mpaka ligongwe kitako cha mpini juu ya meza. Anayemenya machungwa kila siku atakutana na hilo mapema. Chukua kile chenye neno INOX kwenye bapa. Chenye CARBONE hunoleka kwa raha ya ajabu, lakini ukikiacha na maji ya limau usiku mmoja, asubuhi kina madoa.

Namba tatu: Spyderco Delica

Hiki ndicho cha kwenda kwake ukihitaji kufuli na kufungua kwa mkono mmoja. Spyderco ndiyo iliyoleta, mwaka 1981, kisu chenye tundu la duara kwenye bapa la kusukumia kwa dole gumba, pamoja na klipu ya kukining'iniza ukingoni mwa mfuko. Siku hizi karibu kila mtengenezaji ana klipu. Delica ina uzito wa gramu 70 hivi, chuma cha VG-10 kutoka Japani, na kufuli la mgongoni ambalo vidole havipiti mbele ya bapa unapolifunga ukilishika vizuri.

Angalia neno moja kwenye maelezo, "full flat": chagua lile toleo ambalo bapa lake limesagwa kwa mteremko mmoja ulionyooka kuanzia mgongoni. Yapo ambayo mteremko huo unaanzia katikati, na nyuma ya makali hayo ni manene zaidi. Bei yake ni mara kadhaa ya Opinel, na sehemu kubwa ya tofauti unailipia kufuli, tundu na klipu. Kama huvihitaji, rudi namba moja.

Baada ya hapo naweza kukutajia Civivi Elementum, ambacho mashavu ya bapa lake yamechimbwa kidogo kwa ndani na hivyo kinakuwa chembamba karibu na makali. Chuma chake cha D2 hakistahimili kutu kikamilifu, kipake tone la mafuta. Na kufuli lake ni lile la bamba la pembeni, ambapo dole gumba linakaa kwenye njia ya bapa wakati wa kufunga. Jifunze kuliondoa mapema.

Buck 110 ya 1964 ni kisu kizuri sana cha mwindaji. Gramu 200 za shaba na chuma hazikai mfukoni mwa suruali ya kazini. Inatosha.

Vya bei ya chini kabisa

Opinel ndiyo bei yangu ya chini. Vilivyo chini ya hapo, visivyo na jina la chuma, vyenye vipande kumi na vitano vinavyochezacheza, sina la kuvisifia.

Wauzaji

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hakuna biashara inayojitembeza kama ya visu vya mfukoni. "Chuma cha upasuaji" hakikwambii ni chuma gani, ni maneno ya kufunika jina ambalo hawataki ulione. "Damascus" (chuma cha tabaka chenye michirizi) ya bei ya maandazi mara nyingi ni michoro iliyoliwa na asidi juu ya chuma cha kawaida, na baada ya kunoa kwa muda inaanza kufutika. "Cha kijeshi" ni rangi nyeusi. Na vipo vya kughushi vyenye nembo ya Spyderco au Victorinox iliyonakiliwa vizuri kiasi cha kumdanganya mnunuzi wa mara ya kwanza. Nunua kwa muuzaji aliyeorodheshwa na mtengenezaji mwenyewe.

Hayo yote ningeyavumilia kama wangenipa namba moja tu. Watakuandikia uzito kwa gramu, urefu kikiwa wazi, urefu kikifungwa, aina ya skrubu, idadi ya rangi. Unene wa nyuma ya makali, unaoamua kama tofaa litakatika au litapasuka, hauandikwi. Mashine za kuupima wanazo. Ukiuliza dukani unajibiwa kwamba kisu ni kikali sana, na mtu anakunyolea nywele za mkono wake kama ushahidi.

Kwa hiyo uliza kwa maandishi kabla ya kununua: unene wa bapa juu ya makali ni milimita ngapi? Asipojibu, omba picha ya bapa likitazamwa kutoka ncha, pamoja na ya ubavuni iliyo karibu. Kisu kikifika, pima ukanda siku hiyo hiyo, kabla hujakata chochote na hasa kabla hujanoa. Kikiwa kinene kirudishe kikiwa kwenye boksi lake, kwa sababu kikishagusa kinoo watakwambia kimetumika, na hawakipokei.