Dar hadi Salaita kwa gari lako: njia safi, karatasi nyingi, vibao vichache

Kwa mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kuvuka mpaka na gari lake kwenda kuona viwanja vya Vita Kuu ya Kwanza, hakuna safari rahisi kuliko ya Taveta, Kenya. Ukishavuka mpaka wa Holili tu, vilima ambavyo Waingereza na Wajerumani walivipigania Februari na Machi 1916, Salaita kikiwa kimojawapo, vinaonekana barabarani. Lami ni ya mfululizo kutoka Kimara hadi Voi, ndani ya Kenya. Kwa mizani yetu barabara inapata nyota nne kati ya tano, utaratibu wa mpaka nne, na viwanja vyenyewe tatu. Hizo tatu zinaweza kupanda hadi nne na nusu ukijua unachokitazama, au kushuka hadi moja ukifika saa saba mchana bila mwenyeji wala ramani.

Kazi kubwa ni ya mezani na inaanzia Dar. Watu huhangaikia injini na tairi, kisha wanakwama kwa karatasi. Kadi halisi ya gari iwe mkononi, na jina lililo kwenye kadi liwe ndilo lililo kwenye pasi ya dereva. Kama gari ni la mke, kaka, kampuni au bado lina mkopo wa benki, tafuta barua ya ruhusa iliyogongwa muhuri wa wakili, yenye namba ya usajili, namba ya chasisi, jina la dereva na tarehe za safari. Barua inayosema tu "namruhusu atumie gari langu" ni ya kumpa jirani, si ya kumpa ofisa wa forodha.

Bima ndiyo inayowachanganya wengi. Bima yako ya Tanzania, hata ikiwa bima kubwa, kwa kawaida inaishia mpakani. Unachohitaji ni Yellow Card, kadi ya bima ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki ndani ya mpango huu wa bima. Kadi hutolewa kama nyongeza ya bima uliyonayo, kwa hiyo anza na kampuni yako. Inalipa madhara utakayomsababishia mtu mwingine kwa taratibu za nchi uliyomo, pamoja na matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Bampa lako likivunjika Mwatate, upande wa Kenya, hiyo ni juu yako, isipokuwa umeomba kampuni iongeze eneo la bima kubwa mpaka Kenya na ikakubali kwa maandishi. Omba vyote viwili kwa mkupuo mmoja, kisha kagua tarehe, namba ya chasisi na orodha ya nchi zilizowekewa alama. Kosa la herufi moja kwenye chasisi ukiligundua Holili, wa kulirekebisha yuko Dar na huenda ni Jumamosi jioni.

Usichanganye kadi hiyo na ile nyingine ya njano, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hiyo beba kwa kila abiria, watoto wakiwemo, maana wakati wa kurudi Tanzania ukitokea Kenya ndipo maofisa wa afya wanapoiulizia. Pasi ya kusafiria inatosha upande wa uhamiaji, na raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hahitaji ule uombaji wa mtandaoni ambao Kenya inawadai wageni wengine.

Gari lenyewe halihitaji kuwa Land Cruiser. Kwa lami na makaburi, IST inatosha. Ukitaka kuukaribia mguu wa Salaita kwa njia za vumbi, RAV4 au chochote kilichoinuka kidogo kitakuokolea sampo. Kabla ya safari kagua breki na maji ya rejeta, na badilisha mkanda wa feni kama umeanza kupasuka, kwa sababu ukanda wa kuanzia Mombo hadi Taveta ni wa joto na malori hukulazimisha kupanda na kushuka gia muda wote. Triangle mbili, mtungi wa kuzimia moto ambao haujaisha muda, sanduku la huduma ya kwanza, jeki na spea yenye upepo ni vitu vya lazima kwa pande zote mbili. Ongeza pampu ndogo ya umeme na seti ya kuziba pancha. Miba ya migunga kwenye nyika ya Taveta ni mirefu na haijali bei ya tairi.

Dar hadi Himo ni takriban kilomita 530: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga. Panga saa nane hadi kumi. Kwenye karatasi inaonekana ni saa sita, lakini kila kijiji kina kibao cha 50 na matuta, na trafiki wenye tochi hupenda kusimama pale mteremko unapoingia kijijini. Faini ya kosa ni shilingi 30,000, nawe utalipa kwa namba ya malipo, si mkononi. Toka Dar saa kumi na nusu alfajiri uipite Kibaha na Mlandizi kabla malori hayajajaa. Jaza tangi Himo, ambako bado unalipa kwa pesa yako, kisha ulale Himo au Moshi. Kuvuka mpaka jioni ili ulale Taveta pia kunawezekana, na kunakuokolea saa za asubuhi, maana asubuhi ndiyo mali yote ya safari hii.

Holili na Taveta ni kituo cha pamoja cha mpakani, kinachofanya kazi kwa mfumo huo tangu 2016. Maana yake ni kwamba ukienda Kenya husimami upande wa Holili kugonga muhuri. Unaendesha hadi jengo la Taveta, ambako dirisha la Tanzania la kutoka na la Kenya la kuingia yako chini ya paa moja. Ukirudi, mambo yote yanafanyika Holili. Wageni wa njia husimama jengo la kwanza wanaloliona, wakapoteza muda na kuangukia kwa vijana wanaojitolea "kusaidia". Huwahitaji. Anza na uhamiaji, kisha forodha kwa ajili ya kibali cha muda cha gari, halafu ukaguzi wa gari, ndipo lango. Kibali kina tarehe ya mwisho, kwa hiyo taja siku zaidi ya ulizopanga, na kabla hujaondoka dirishani soma namba ya gari iliyoandikwa. Wakati wa kutoka Kenya ni lazima kibali kifungwe. Kisipofungwa, kwenye mfumo gari lako bado liko Kenya, na siku nyingine utakapokuja utaulizwa liliko. Epuka kupiga picha eneo la mpaka.

Mifuko ya plastiki iache nyumbani. Kenya iliipiga marufuku 2017, Tanzania 2019, na tangu Juni 2020 Kenya hairuhusu chupa za maji za kutupa ndani ya hifadhi zake. Barabara ya Taveta kwenda Voi inakatisha kipande cha Tsavo West, hivyo dumu la maji ni bora kuliko katoni ya chupa.

Sasa viwanja. Kosa la kwanza la wageni ni kuanza na kilicho karibu. Ukishavuka, vilima vya Latema na Reata viko magharibi mwa mji wa Taveta, karibu na mpaka, na mtu hushawishika kushuka hapo hapo. Usishuke. Mapigano yalikwenda kutoka mashariki kuja magharibi, na ukiyafuata kinyume hutaelewa kwa nini mtu yeyote alikipigania kilima hiki na si kile.

Endesha moja kwa moja hadi Maktau, kama nusu ya njia ya kwenda Voi. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na kutoka hapo vikosi vyao vidogo vilikatisha nyika kwenda kulipua reli ya Mombasa na Nairobi. Waingereza walijibu 1915 kwa kujenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Taveta, na Maktau ikawa kambi. Tatizo lilikuwa maji kuliko risasi, ikabidi yavutwe kwa bomba kutoka milima ya Bura. Simama hapo dakika kumi tu, utazame ukavu wa nchi na tuta la reli linalokwenda sambamba na barabara. Bila kuyaona hayo mawili Salaita haina maana. Mwenye siku ya ziada aendelee hadi Voi, kwenye makaburi ya vita alikozikwa Luteni Wilbur Dartnell, Mwaustralia aliyepewa nishani ya Victoria Cross kwa kukataa kuwaacha majeruhi wenzake karibu na Maktau, Septemba 3, 1915. Mwenye siku moja tu ageuzie Maktau.

Ukirudi magharibi, jua la asubuhi likiwa mgongoni, Salaita inatokea mbele ikiwa peke yake kwenye tambarare. Ni kilima kidogo kiasi cha kukatisha tamaa. Februari 12, 1916 karibu wanajeshi 6,000 wa upande wa Uingereza, wengi wao Waafrika Kusini waliokuwa ndiyo kwanza wamewasili, walikiendea kutoka upande huu huu. Mizinga ilipiga kileleni. Mahandaki ya Wajerumani na askari wao wa Kiafrika yalikuwa chini, kwenye mguu wa kilima, ndani ya vichaka. Shambulio lilivunjika, na Wabaluchi wa jeshi la India ndio waliowafunika Waafrika Kusini waliporudi nyuma. Kwa hiyo usitumie nguvu zako zote kupanda juu kupiga picha ya Kilimanjaro, ingawa ni picha nzuri. Zunguka chini. Mistari ya mahandaki imefukiwa na miaka mia na zaidi ya mvua na mifugo, na jicho lisilozoea litaipita bila kuiona. Hapa ndipo mwenyeji anapolipa gharama yake.

Mwenyeji mtafute Taveta mjini kupitia hoteli ya huko, siku moja kabla. Patana bei, muda na vilima mtakavyofika kabla hajaingia kwenye gari, na mlipe kwa M-Pesa ya Kenya au shilingi za Kenya. Sehemu za kuzunguka vilima ni malisho na mashamba ya watu. Mkiona mzee na ng'ombe wake, simameni msalimieni kwanza, yeye ndiye mwenye eneo. Maganda ya risasi na vipande vya chuma mkiviona viacheni vilipo, sheria ya Kenya ya makumbusho na urithi inavilinda, na kombora ambalo halikulipuka halina alama ya kulitofautisha na chuma chakavu.

Latema na Reata iwe ya mwisho, alasiri. Mapema Machi Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Uingereza, aliwazungusha wapanda farasi kaskazini, upande wa ziwa Chala, Wajerumani wakaiacha Salaita bila kupigana. Usiku wa Machi 11 kuamkia 12 pengo kati ya vilima hivi viwili likashambuliwa gizani. Luteni Kanali Graham, kamanda wa kikosi cha tatu cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika, aliuawa hapa. Vikosi vilipotezana, amri ya kurudi nyuma ikatolewa, na kulipokucha ikaonekana vikundi vidogo vya washambuliaji vimekaa vileleni na adui ameondoka kuelekea Kahe. Ukisimama chini ya pengo na kuona mteremko ulivyo mkali, mkanganyiko ule unaeleweka bila maelezo.

Makaburi ya kijeshi ya Taveta yanatunzwa na tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, na hakuna kiingilio. Ni masafi na yamepangwa vizuri, pengine ndicho kituo kilichotunzwa kuliko vyote njiani. Lakini tazama majina. Wapagazi wa Kiafrika walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita hii, na karibu hawapo kwenye mawe. Tume hiyo yenyewe ilikiri mwaka 2021 kwamba Waafrika na Waasia hawakuenziwa sawa na Wazungu. Nyota mbili tulizovinyima viwanja zimekwenda huko, na kwenye uhaba wa vibao: mtu anaweza kuipita Salaita kwa mwendo wa 80 asijue.

Msimu mzuri ni Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Machi hadi Mei udongo wa njia za pembeni hunata hata kwa 4WD. Kati ya Taveta na Mwatate usiendeshe usiku, tembo huvuka bila ratiba, na tembo hana taa za nyuma.

Wanaouliza kama waende Mbala, Zambia, aliposalimu amri von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, Novemba 25, 1918: Yellow Card ni ile ile, ila hakikisha Zambia imewekewa alama. Safari ni ya siku mbili kwenda tu, kupitia Mbeya na Sumbawanga hadi mpaka wa Kasesya, na ukifika utaona mnara wa kumbukumbu, si uwanja wa mapigano. Anzeni na Taveta, na mkirudi Holili msisahau kuulizia kama kibali kimefungwa.