Duka la samaki lililoniuliza kama nina jiko nyumbani

Jamani, kabla hasira hazijapoa: lile duka la samaki wa mapambo hapa Mbeya mjini, lile la kuagiza kwa WhatsApp, mimi nalo basi. Jina silitaji, hela yangu bado wanayo na sitaki wapate kisingizio.

Nilichoagiza ni kambare mkia mwekundu, yule wa mito ya Amazon na Orinoco. Wanaofuga samaki wala nyama wanamjua: mgongo mweusi, mkanda mweupe ubavuni, mkia wa rangi ya chungwa iliyoiva. Picha waliyonitumia ilikuwa yeye mwenyewe kabisa. Nikalipa bei ya samaki, nikalipa usafiri kutoka Dar, nikalipa na oksijeni ya mfuko. Hiyo ya oksijeni nilibisha, nikaambiwa, "Mama, samaki wa ng'ambo hapumui hewa ya Mbeya."

Akaletwa na bodaboda jioni, mfuko mweusi, maji yamechafuka. Kijisamaki cha kijivu, tumbo jeupe, urefu wa kidole. Wekundu wa mkia hata wa kusingizia hakuna. Nikapiga simu. "Akikua utakolea, mama." Na hapo ndipo wanapokupata, maana ni kweli mkia mwekundu akiwa mdogo rangi yake huwa haijakolea.

Nikasubiri usiku. Hawa samaki mchana wanajificha. Wangu alijibana ndani ya kipande cha bomba mpaka nilipozima taa ya sebuleni. Nikapiga magoti mbele ya kioo na tochi ya simu. Ndevu mbili ndefu pembeni mwa mdomo. Nne kidevuni. Hizo sita, na huyo wa Amazon anaishia hapo hapo kwenye sita. Wangu akageuza kichwa kufuata mwanga, nikaona nyingine mbili, fupi, zimeota puani. Nane! Nikahesabu tena na tena mpaka mume wangu akauliza kama ninasali.

Ndevu nane tunazo huku kwetu. Lakini hata kambare wa mabwawani siye. Yule pezi lake la mgongoni ni moja refu, linateremka mpaka karibu na mkia, na mkia wenyewe ni wa mviringo. Halafu kila baada ya muda anapanda juu kuvuta hewa. Wangu hapandi. Mgongoni ana pezi fupi lenye mwiba, nyuma yake lipo lingine refu la nyama laini, na mkia una panda. Miiba yake niliijua siku ya kumhamisha: ya mapezi ya ubavuni ilinasa kwenye wavu, ikabidi nikate nyuzi moja moja kwa mkasi wa kucha huku yeye kalala kwenye beseni ananitumbulia macho.

Picha nikamwonyesha mama mmoja wa Kyela anayeuza samaki pale soko la Soweto, hapa hapa Mbeya. Hata hakuimaliza kuitazama. "Huyu si ndiye wa kwetu huyu! Ziwani wanakuwa wakubwa, mtu anabeba begani." Ndiye ambaye wenzetu wa Malawi wanamwita kampango, kitaalamu Bagrus meridionalis. Makazi yake ya asili ni Ziwa Nyasa, mito inayoingia humo na mto Shire unaotoka humo, basi. Kwa hiyo usafiri wa kutoka Dar ulikuwa wa nini? Samaki kapandishwa Hiace Kyela, kapita Tukuyu kakaa na mikungu ya ndizi, mimi nimelipia bahari na ndege!

Nikaenda mwenyewe. Duka lile ni nyumba ya kambare, kila mmoja ana sharubu: kijana wa kaunta bosi, mfunga mifuko bosi, bosi mwenyewe bosi. Nikasalimia, hakuitikia mtu. Nikamweleza kijana taratibu, kimwalimu, huyu ndevu sita, huyu ndevu nane. Akawatazama wenzake. "Mama, yaani umekaa chini ukamhesabu samaki ndevu?" Wakaangua kicheko. Nikasema nataka hela yangu au samaki niliyemwagiza. Mwenye duka, bila kuinua macho kwenye simu yake: "Ukiona hakufai, si una jiko nyumbani?"

Si una jiko nyumbani. Nimefundisha watoto wa watu miaka na miaka, maneno ya wazazi nimeyala mengi, ila hilo limenikaa kooni. Kwenye daladala nilitetemeka mpaka nikapitiliza kituo.

Haya, haki ya mtu nisiidhulumu. Hita niliyonunua kwao ni nzuri. Baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua, na samaki wa Kyela kazoea maji ya vuguvugu. Hita imeshikilia nyuzi 25 bila kuyumba, umeme ukikatika ndipo nafunika tangi kwa blanketi. Kwa vifaa, nendeni tu. Na hata kwa samaki, sijui niseme nini. Kampango yumo kwenye orodha ya walio hatarini kabisa kutoweka, kavuliwa kupita kiasi, wakati mkia mwekundu wanazalishwa kwa wingi kwa ajili ya biashara. Nilitaka adimu, wamenipa adimu zaidi, tena bila wao kujua! Nikasoma malezi yake nikachoka: baba na mama wanalinda watoto pamoja, na mama anawatagia mayai yasiyorutubishwa ili wale. Nani ana moyo wa kumtia huyo kwenye mafuta? Usiku akitoka bombani namdondoshea usipa, anaufyonza kwa kishindo hadi mfuniko unalowa. Ndiyo, tangi halitamtosha siku zote, na aliyemtoa ziwani akiwa mdogo hivyo naye nina lake la kumwambia. Lakini nampenda. Kwa samaki huyo mmoja ningewapa nyota zote tano.

Ningewapa. Mpaka juzi.

Namba yangu walishaizuia, ila ya mume wangu hawaijui. Nikafungua stetasi yao: "KAMBARE ADIMU WA ZIWA NYASA, WAMEBAKI WACHACHE, WAHI." Picha ni ya samaki wangu. Ile ile niliyowatumia nikilalamika, na pazia langu la maua linaonekana nyuma. Bei imepanda, na chini yake wameandika usafiri kutoka Dar unalipiwa na mteja.

Nikawaandikia kwa simu ya mume wangu: huyo samaki ana ndevu ngapi? Jibu likaja papo hapo: "Nane bosi, orijino kabisa, tumezihesabu wenyewe."