Nusu siku kwenye treni ya mjini ya Addis Ababa: tathmini ya abiria kutoka Dodoma

Safari yangu ya kila asubuhi kutoka Chang'ombe hadi ofisini Mtumba inahitaji bajaji, daladala na subira, na siku ambayo konda ameamua kusubiri gari lijae, subira ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko vyote. Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kupita Addis Ababa nilitenga nusu siku kwa ajili ya treni yao nyepesi ya umeme, kwa sababu tangu treni ya umeme ya Dar es Salaam ilipofika Dodoma mwaka 2024, vijiweni kwetu hakuishi mtu wa kuuliza ni lini reli itaingia mitaani. Kama huduma naipa alama tatu kati ya tano, na mbili zilizokatwa zina historia yake.

Nilipanda kituo cha Stadium, kwenye kipande cha reli kilichoinuliwa juu ya nguzo ambako njia mbili za mji huo zinatumia reli moja: moja inatoka Ayat upande wa mashariki hadi Tor Hailoch, nyingine inashuka kusini hadi Kaliti. Sehemu kubwa ya sakafu ya behewa iko chini, hivyo mama mwenye mtoto mgongoni anaingia bila kupanda ngazi, na hilo pekee linatosha kumfanya mtu wa daladala aone wivu. Kuelekea mashariki reli inapita kando ya uwanja wa Meskel, ambao enzi za Derg, serikali ya kijeshi ya kijamaa ya Ethiopia, uliitwa Uwanja wa Mapinduzi. Nauli ilipoanza, Septemba 2015, ilikuwa birr 2, 4 au 6 kulingana na umbali, na viwango hivyo viliwekwa kwa kumfikiria mfanyakazi wa kawaida.

Alama ya kwanza niliikata kwa sababu ya uhaba wa treni, tatizo linalojulikana na lililoandikwa sana. Ujenzi uligharimu takribani dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa benki ya Exim ya China, zikanunuliwa treni 41. Miaka michache baadaye chini ya nusu ndizo zilizokuwa zikitembea, kwa kuwa vipuri hununuliwa nje kwa fedha za kigeni na nauli hukusanywa kwa birr. Hapo ndipo inafaa kuitazama miji mingine iliyopitia ujamaa. Katika kambi ya Ulaya Mashariki nchi ziligawana kazi: Hungaria ilitengeneza mabasi ya Ikarus, ambayo wazee wa Dar es Salaam wanayakumbuka kutoka enzi za shirika la mabasi la UDA, na Chekoslovakia ikatengeneza tramu, yaani treni ndogo za mitaani. Tramu aina ya Tatra T3 ilianza kutoka kiwandani Prague mwaka 1960, zikaundwa karibu 14,000, na kwa kuwa aina hiyohiyo ilitumika katika miji mingi, fundi wa mji mmoja angeweza kuielewa tramu ya mji mwingine na vipuri havikuwa kitendawili. Ndiyo maana Prague bado inatumia T3 zilizokarabatiwa. Kambi ilipovunjika kila halmashauri ilibaki na mzigo wake. Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, ilifunga tramu zake mwaka 2006. Olsztyn ya Poland, iliyozing'oa mwaka 1965, ilizirudisha mwaka 2015, safari hii kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya. Addis Ababa ilianza upya bila urithi huo wa mafundi na karakana, na abiria ndiye anayelipa tofauti hiyo kwa kusubiri kituoni.

Alama ya pili niliikata kwa sababu ya uzio. Reli imewekwa katikati ya barabara kuu na kufungwa pande zote mbili, vivuko ni vichache, na mtu anayeishi mita hamsini kutoka dukani anaweza kulazimika kuzunguka mbali. Mpango wa mji wa Dodoma wa mwaka 1976, uliochorwa na kampuni kutoka Toronto baada ya TANU kuamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu hapa, ulimpa mtembea kwa miguu heshima kubwa, na ingekuwa aibu tumjengee ukuta kwa jina la maendeleo. Sisi tuna faida moja ambayo wenyeji wangu hawakuwa nayo: mji wetu bado una nafasi, na barabara ya kwenda Mtumba ni njia moja iliyonyooka yenye abiria wanaojulikana, wanaokwenda asubuhi na kurudi jioni. Lakini kabla ya kuulizia rangi ya mabehewa ningependa kuonyeshwa karakana itajengwa wapi na fundi atafundishwa na nani.

Msafiri mwenye saa chache Addis Ababa apande mchana, saa za kazi, wakati watu ni wachache. Aanzie Stadium kuelekea Ayat, na abebe noti ndogondogo za birr kwa ajili ya tiketi.